Jumapili Walipochuma Saba

Jumatatu, 17 Machi 1997

Kitabu hiki nimekitoa stoo ya karakana bila kuuliza mtu. Ni mali ya kampuni: kurasa mia mbili zilizopigwa nambari na kushonwa kwa uzi. Juu ya jalada pameandikwa JINA na mstari mbele yake. Huo mstari utabaki mtupu, maana fundi anayeiba kitabu kisha akakitia jina anastahili kufutwa kazi mara mbili.

Nimekichukua kwa sababu Duncan amerudi kutoka Uingereza na anataka kila kitu kiandikwe: muda wa kila mzunguko, mafuta, breki, mvua. Nikiandika breki naweza kuandika na mengine. Mke wangu Syprose husema mimi naongea na vyuma kuliko watu. Sasa nitaongea na karatasi, aone wivu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya mawe saa tisa alasiri, dakika kumi na mbili. Bati la karakana lilipigwa mpaka tukawa tunaonyeshana vitu kwa vidole.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike Duncan ni nani, maana nikifa kesho atakayesoma atadhani ni jina la trekta.

Ni mtoto wa meneja wetu hapa kwenye mashamba ya chai, Bwana Hallam. Wazazi ni Waingereza, yeye amezaliwa hapa Kericho. Akiwa na miaka minane nilimtengenezea gokati, kigari cha mbio, kwa injini ya pampu ya maji na magurudumu ya toroli. Nilitengeneza mbili, kwa sababu mtu hawezi kushindana na kivuli chake. Ya pili aliendesha Kipkemoi, mwana wa askari wa geti, rika lake. Walizunguka uwanja wa kiwanda Jumapili baada ya Jumapili, na Kipkemoi ndiye aliyekuwa akishinda. Hilo watu hawalisemi. Siku moja Duncan akamgonga makusudi kwenye kona ya tangi, Kipkemoi akavunjika mfupa wa bega. Nilimzaba Duncan kofi, mtoto wa meneja, kisha nikangoja kufutwa kazi. Hakumwambia baba yake. Tangu siku ile nimempenda kijana huyu, na nimekuwa mjinga kwa ajili yake.

Alipofika miaka kumi na mitatu walimpeleka Uingereza. Huko akashinda mashindano ya gokati ya watoto mara mbili, akapandishwa kwenye vigari vidogo visivyo na paa, na akiwa na miaka kumi na tisa akagonga ukuta. Alivunjika miguu yote miwili, akalala miezi mitano, na waliokuwa wakimlipia wakasahau namba yake ya simu. Sasa ana ishirini na mbili. Amepata nafasi katika timu moja ya mbio za masaa ishirini na nne, gari moja madereva watatu, mwezi wa Juni. Yeye ndiye wa tatu. Lazima aweze kushika usukani masaa matatu bila akili kuhama. Kule viwanja vya kujifunzia vina gharama. Huku kuna barabara zetu za ndani, matope na Datsun kuukuu ambayo mimi naijua kila nati.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya kwanza. Njia yetu ni duara la kilomita tisa: inatoka karakana, inapita kitalu cha miche, inashuka katikati ya Divisheni ya Saba, inarudi. Jumapili hakuna kuchuma chai, na king'ora cha kiwanda hakilii kwa heshima ya makanisa. Lakini mimi sibahatishi. Jana jioni nilikwenda kwa Kipkemoi, ambaye sasa ni nyapara wa Saba.

"Kesho Saba iko wazi?"

"Iko wazi, fundi. Lakini ambia Tankan asinikanyagie chai. Ile maneno ya bega sijasahau."

Duncan kwake ni Tankan tangu utotoni. Alicheka, lakini mkono ulikwenda begani wenyewe. Nikaning'iniza magunia mekundu ya mbolea kwenye miti miwili, moja kila mwisho wa barabara ya Saba, ili kila anayepita ajue gari liko njiani. Hiyo ndiyo kanuni yetu: Jumamosi kwa Kipkemoi, kisha magunia.

Duncan aliendesha masaa mawili bila kusimama. Alipovua glavu viganja vilikuwa vimechunika. Akasema, "Tena." Nikamwambia tena ni Jumapili ijayo.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Hakuna kazi. Nimelala. Syprose amenikuta nimelala akakasirika.

Jumapili, 30 Machi, Pasaka

Mzunguko wa kumi na moja Duncan aliacha njia kwenye kitalu, akafyeka ua na miche kama elfu moja. Yeye mzima, gari limebonyea ubavu. Bwana Hallam alikuja na fimbo yake ya kutembelea akampiga nayo mgongoni mara nne, mbele yetu sote. Kijana wa miaka ishirini na mbili. Duncan hakuinua mkono, alisimama tu akitazama miche. Bwana Hallam alipomaliza aliniambia, "Lazarus, tengeneza." Sikujua anamaanisha gari au mtoto.

Nilidhani nitamchukia yule mzee. Badala yake nilimwonea haya, na hilo ni baya zaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mawe.

Ijumaa, 4 Aprili

Mawe tena. Divisheni ya Pili imebaki vijiti.

Jumanne, 8 Aprili

Jua asubuhi, mvua jioni, na majani yameota kwa fujo. Saba haikuguswa na mawe, kwa hivyo kampuni nzima inaegemea Saba. Wachumaji wanarudi laini, kwenye nyumba zetu za kampuni, giza likiingia.

Nyanchama alipita karakana na kikapu chake, mkanda umekatika. Nyanchama ni jirani yetu, mjane kutoka Kisii, ana watoto watatu, tunalala ukuta mmoja nao na ukuta wenyewe ni mwembamba, najua anavyosali. Nilimkatia mkanda wa usalama kutoka gari bovu nikauweka badala ya ule wa gunia.

"Huu hautakatika," nilimwambia.

"Hata mimi nikikatika?"

"Hata wewe ukikatika, Mama Marcella."

Alicheka akaenda. Leo amechuma kilo sabini na nane.

Jumamosi, 12 Aprili

Giaboksi imekataa gia ya tatu. Nimeifungua mezani tangu saa nne, nimekuta jino moja limevunjika. Nimetoa gia nyingine kwa Datsun iliyokufa huko nyuma ya karakana. Syprose amekuja na chakula na maneno ya wiki nzima: chumvi imeisha, binti yetu Akinyi anakohoa, kesho wanachuma Saba maana Kipkemoi amepita laini akigonga debe, mama mkwe atakuja mwezi ujao, na viatu vyangu vya kanisa vinanuka. Nimesema mm. Gia ya tatu imeingia saa moja jioni, tamu kabisa. Duncan alinikumbatia na grisi yote. Sikwenda kwa Kipkemoi leo, nimechoka.

Jumapili, 13 Aprili

Nyanchama amekufa. Siwezi.

Jumanne, 15 Aprili

Jicho la kushoto limefunga na jino moja linacheza, lakini mkono unaandika. Basi niandike.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi Duncan alifunga mkanda wake. Alikuwa na furaha. "Leo masaa matatu, Laz," alisema. "Nikiweza tatu hapa kwa matope, kule nitaweza yote." Nikapiga bodi kwa kiganja, akaondoka. Mzunguko wa kwanza nikaandika: dakika saba na sekunde kumi. Wa pili: saba na mbili. Alipoanza wa tatu nikaingia nyumbani, hatua mia kutoka karakana, nikachukue chai.

Kuna msumari mlangoni ambapo Syprose, naye mchumaji, hutundika kikapu chake. Ulikuwa mtupu.

Niliutazama huo msumari. Nilidhani ameenda kuazima chumvi, kisha nikajiuliza chumvi inabebwa na kikapu cha chai tangu lini. Halafu maneno yote ya jana yakarudi kwa mpangilio wake, chumvi, kikohozi, Saba.

Nilikimbia. Nilipita njia ya mkato kati ya chai, matawi yakinichana mapaja. Nilimsikia Duncan kwenye kitalu akishusha gia, ya nne, kisha ya tatu, ile niliyoitengeneza mimi, ikaingia bila kukwaruza. Nilikuwa naita jina la mke wangu na pumzi haitoshi. Halafu nikasikia. Haikuwa sauti kubwa.

Walikuwa wanawake saba, ndio kwanza wametoka ndani kabisa ya chai, wakivuka barabara kwenda banda la mizani, vikapu vimejaa, aproni za plastiki zimefungwa, vichwa vimeinama. Mtu mwenye kikapu kilichojaa hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima, taratibu. Sita waliruka mtaroni. Nyanchama alikuwa wa mwisho. Gari lilimrusha hatua kumi na tano ndani ya chai, akalala juu ya vichaka, uso juu, mguu mmoja umeelekea kisogoni. Majani aliyochuma yalitapakaa barabara nzima. Kikapu kilikuwa bado mgongoni. Mkanda wangu haukukatika.

Nilimtafuta Syprose. Alikuwa amepiga magoti mtaroni, mzima, matope mpaka kifuani. Nami nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwanamke wa watu amelala pale akitoka damu masikioni, na mimi nilifurahi pumzi nzima kabla sijaona haya. Syprose aliinua macho akaniona nikifurahi.

Duncan alitoka garini na kofia ya chuma kichwani, akatembea kuelekea kwa Nyanchama akisema pole, pole, pole. Kipkemoi alikuja mbio kutoka mizani ameshika ufito, ule mti mrefu ambao wachumaji hulaza juu ya chai ili wajue wanachuma kimo kimoja. Alimpiga nao kichwani, ufito ukavunjika juu ya kofia. Akaanza ngumi. Watu wakatoka kila upande. Mawe yakavunja vioo vya gari, mtu mmoja akaanza kulikata paa kwa panga la kupogolea, na wanawake walikuwa wakimvuta Duncan miguu, kimya kabisa, kama watu wanaovuta kuni. Nilijua wakimfikisha chini hatasimama tena.

Nilikuwa na spana kubwa mfukoni. Nilimpiga nayo Kipkemoi mdomoni. Yule kijana niliyemtengenezea gokati pamoja na mwenzake, nilimpiga kwa nguvu zangu zote. Meno mawili yalitoka akayashika kiganjani. Hakunirudishia. Alinitazama, damu ikishuka kidevuni, akauliza swali moja.

"Magunia iko wapi, fundi?"

Kisha wengine wakanigeukia mimi. Sina la kuwalaumu. Nilipigwa kwa mateke na kwa vipande vya ufito mpaka askari wa kampuni wakaja na pikapu wakatupakia, mimi na Duncan, mmoja juu ya mwingine. Kofia yake ilikuwa imepasuka katikati lakini kichwa kizima. Alikuwa ananiuliza kama yule mama ataishi, na mimi nikamwambia ndiyo, nikijua nimesema uongo.

Ijumaa, 18 Aprili

Wamempeleka Nyanchama kwao Kisii kuzikwa. Syprose ameenda na watoto. Mimi nimeambiwa nisionekane.

Tangu Jumapili Syprose hajasema nami neno moja. Anapika, anaweka sahani, anatoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Bwana Hallam ametukusanya mbele ya kiwanda. Amekonda kwa wiki moja. Alisema kwa Kiswahili chake cha amri:

"Jumapili hapana kuchuma hapa. Mimi sikuandika karatasi ya kuchuma. Wale wanawake walikuwa wanaiba majani kupeleka kwa banda ya wakulima wadogo. Barabara ni yangu, gari ilikuwa na ruhusa yangu. Mwizi aliruka mbele ya gari."

Mtu akauliza karatasi ya mizani ya siku hiyo.

"Hapana karatasi."

Kila mmoja pale alijua. Amri ya kuchuma Saba ilitoka kwake mwenyewe kwa redio ya mawasiliano Jumamosi alasiri, Kipkemoi akaipitisha laini kwa kugonga debe. Majani ya kabla ya ajali yalipimwa na kuandikwa. Lakini Kipkemoi alisimama mbele, mdomo umevimba, akatazama viatu vyake. Hana karatasi ya amri, na nyapara anayechumisha bila karatasi anajichumia kufutwa. Wale wanawake sita nao wameambiwa: atakayesema alichuma Jumapili amekiri wizi. Nilimtazama Syprose katikati yao. Alikuwa akinitazama mimi.

Niandike wazi kilichopo, nisije nikajificha nyuma ya maneno. Mchumaji akifa kazini, watoto wake hulipwa na huachiwa nyumba. Mwizi akifa, watoto hutolewa mwisho wa mwezi, na jina la mama yao linabaki hivyo laini nzima. Kwa upande mwingine, ikijulikana kulikuwa na kazi, Duncan ana kesi, leseni yake ya mbio inakwenda na Juni yake inakwenda. Na ataulizwa nani hakuweka magunia.

Nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza kuliko watu wote pale. Nikanyamaza.

Jumatatu, 21 Aprili

Mawe, dakika ishirini.

Jumanne, 22 Aprili

Mawe. Syprose kimya. Naanza kuona kelele za mawe ni afadhali.

Alhamisi, 24 Aprili

Askari wawili wa kampuni wamekuja kuwatoa watoto wa Nyanchama, na mwezi haujaisha. Walitupa nje godoro, sufuria na picha ya Bikira Maria, na mvua ya mawe ikaanza hapo hapo juu ya vitu. Marcella, yule mkubwa, ana miaka kumi na mitano, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Askari mmoja akampiga vidole kwa rungu ili aachie. Hakuachia. Akampiga tena.

Syprose alitoka na mwiko wa ugali. Alimpiga yule askari usoni mpaka mwiko ukakatika, kisha akampiga na kilichobaki. Askari akamchapa rungu mdomoni, mdomo ukapasuka. Hapo mimi nikaingia. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nimekaa juu ya kifua cha mtu nikimgonga kichwa ardhini kwenye barafu ya mawe, na sikusimama mpaka Syprose aliponivuta shati. Askari wamekwenda wakisema watarudi wengi. Watoto wamelala kwetu.

Jioni Marcella alikuwa akikanda vidole vyake kwenye maji ya chumvi. Aliniuliza bila kuinua uso.

"Baba Akinyi, mama alikuwa anaiba?"

"Hapana."

"Sasa mbona hamsemi?"

Syprose alikuwa kwenye moto na mdomo wake uliopasuka. Hakugeuka, lakini mwiko mpya ulisimama kwenye sufuria.

Ijumaa, 25 Aprili

Kazini leo nilirudi kurasa za nyuma kutafuta siku niliyobadilisha breki. Nikafika Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, ukurasa wa thelathini na moja. Iko pale kwa mkono wangu, kati ya kikohozi na mama mkwe: kesho wanachuma Saba, Kipkemoi amepita akigonga debe.

Nilikaa chini. Nimeandika siku moja kabla, katika kitabu chenye nambari na uzi, hakuna mtu atakayesema nimebandika. Hakuna karatasi nyingine duniani inayosema Nyanchama alikuwa kazini. Na ni karatasi hiyo hiyo inayosema niliambiwa, nikasema mm.

Nimesikia afisa wa leba, yule wa kazi wa serikali, anakuja Jumatano kuchunguza kifo.

Jumatatu, 28 Aprili

Duncan alikuja karakana mchana, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Amevaa koti la baba yake. Alizunguka ile Datsun iliyovunjwa, akaigusa paa, akaja akasimama mbele yangu.

"Laz, ulikuwa unaandika kila kitu."

"Ndiyo."

"Hata Jumamosi?"

Nilimpa kitabu. Sijui kwa nini nilimpa. Pengine nilitaka mtu mwingine aubebe ule ukurasa kidogo. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisoma mtoto. Akafika mwisho akaniangalia.

"Ulijua."

"Niliambiwa. Sikujua mpaka nilipoona msumari."

"Basi tumeisha wawili. Wewe na mimi." Sauti ilikuwa ndogo. "Ichome, Laz. Tafadhali. Timu imeniandikia, wanataka jibu wiki hii. Nimevunjika miguu kwa hii kitu. Nimefanya hii kitu tangu niko na miaka nane, na wewe ndiye ulinianzisha."

"Na Nyanchama?"

"Amekufa. Sisi bado."

Hakusema kwa ubaya. Nilimwona aliposema, alikuwa anaogopa tu, na ndipo nikaelewa kwamba watu wengi wabaya niliowajua walikuwa wanaogopa tu. Akageuka na kitabu kuelekea tanuru tunapopashia vyuma.

Nilimshika mkono. Akanipiga ngumi kwenye jicho bovu, nikaona weupe, lakini sikuachia. Akanipiga tena. Kitabu kilikuwa mkono wa kulia ameunyoosha juu ya makaa, na jalada limeanza kunuka. Nikaukunja ule mkono nyuma kama unavyokunja nati iliyoshika kutu: kwanza taratibu, kisha kwa uzito wote. Mfupa ulilia. Kitabu kikaanguka upande wa kwangu.

Ni mkono ule ule. Akiwa na miaka minane niliuweka kwenye usukani wa gokati nikamwambia, shika kama umeshika yai.

Alikaa sakafuni amekumbatia mkono, akilia bila sauti. "Juni," alisema. "Juni yangu, Laz." Nilitoka nje. Mawe ya jana yalikuwa bado mtaroni, machafu, hayajayeyuka yote. Niliyachota kwa kitambaa, nikarudi, nikamfunga mkono nayo, na nilikuwa nalia pia. Tulikaa hivyo bega kwa bega mpaka king'ora cha saa nane. Aliponyanyuka hakusema atamwambia baba yake nini.

Jumanne, 29 Aprili

Kipkemoi amekuja nyumbani asubuhi kabla ya kazi. Amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Anapoongea hewa inapita pale nilipotoa meno.

"Wanasema umevunja Tankan mkono."

"Ndiyo."

"Na mimi ulinivunja meno ukimtetea."

"Ndiyo."

"Wewe fundi ni mtu wa ajabu." Alitazama watoto wa Nyanchama waliolala sakafuni kwetu. "Kesho utasema?"

"Nitasema ulipita ukigonga debe."

"Na wewe utasema ulisikia?"

"Imeandikwa."

Ana mke na mtoto mchanga, na shamba la baba yake huko Silibwet ni dogo. Nilikuwa tayari anitukane. Nilikuwa tayari hata anipige, na nilikuwa nimeamua sitainua mkono.

"Karatasi ya mizani Bwana Hallam aliniambia nichome," alisema. "Nilichoma. Hiyo ndiyo inaniuma, siyo meno. Kesho wewe utaongea kwanza. Mimi nitasimama nyuma yako. Mbele siwezi."

Nikamwambia nyuma inatosha.

Jumatano, 30 Aprili

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Afisa wa leba anakuja saa tatu. Hakuna mvua.

Syprose ameweka chai, na badala ya kutoka ameketi mbele yangu. Mdomo umeanza kupona. Amesukuma kitabu hiki mbele yangu kwa kidole, jalada lake limeungua kona.

"Soma," amesema. Ndilo neno la kwanza kwa siku kumi na saba.

Nikamsomea ukurasa wa thelathini na moja. Giaboksi, jino la gia, chumvi, kikohozi cha Akinyi, Saba, debe, mama yake, viatu. Nilipofika mahali nimeandika "nimesema mm" nikasimama.

"Soma yote."

Nikasoma mpaka "nimechoka". Marcella alikuwa ameamka, amekaa kwenye mkeka na vidole vyake vilivyofungwa, anasikiliza.

"Kumbe ulikuwa unanisikia," amesema.

Leo jioni hatutakuwa na kazi wala nyumba hii, Syprose anajua, na ameanza kufunga vyombo bila kugombana. Vyombo vya watoto wa Nyanchama yeye hafungi. Amevirudisha upande wa pili wa ukuta, godoro, sufuria na picha, na akapigilia msumari mlangoni kwao akatundika kile kikapu chenye mkanda wangu.

Kitabu lazima kiwe na mwenyewe, la sivyo watasema kimeokotwa. Nimechukua kalamu nikajaza ule mstari wa jalada kwa herufi kubwa: LAZARUS OKUMU, FUNDI WA KARAKANA. Ni mali ya kampuni na niliichukua bila ruhusa. Wakija kutafuta mwizi katika laini hii, jina lake ndilo hilo, na hakuna mwingine.